Freud tulimsoma, na imani bado ipo

Kila nikisema kwamba nilisoma saikolojia shahada ya kwanza kwenye chuo cha Kikristo, najua swali linakuja. Waliosoma vyuo vya serikali huuliza, "Sasa Freud mlimsoma au mlimkemea?" Akina mama wa kanisani huuliza kwa upole zaidi: "Mwanangu, masomo hayo hayakukupunguzia imani?" Sijawahi kusikia mtu akimuuliza hivyo aliyesoma uhasibu.

Jibu fupi ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Jibu refu ni kwamba naona chuo cha Kikristo ni mahali pazuri pa kusomea saikolojia, ila kwa sharti moja: kikubali kwamba sayansi hii inatupima na sisi waumini, si wagonjwa na "watu wa mataifa" peke yao.

Ugomvi wa dini na saikolojia haukuanza jana. Mwaka 1902 William James, Mmarekani anayehesabiwa kati ya waasisi wa fani hii, alitoa kitabu kizima kuhusu mambo ambayo watu hupitia katika dini, na aliyachukua kwa uzito. Mwaka 1927 Freud akaandika kwamba dini ni njozi inayozaliwa na matamanio ya binadamu. Tulisoma wote wawili, tukabishana, na hakuna aliyeanguka mapepo.

Kilichotugusa zaidi kilikuwa utafiti wa John Darley na Daniel Batson, uliochapishwa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aandae hotuba fupi kisha aende kuitoa kwenye jengo la jirani. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema, wengine mada ya ajira za wahitimu wa seminari. Wapo walioambiwa wana muda wa kutosha, na wapo walioambiwa wamechelewa, wakimbie. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia kama mgonjwa.

Unajua wangapi walisimama kumsaidia? 16 tu kati ya 40. Kwa wale wasio na haraka, walisaidia asilimia 63. Kwa wale wenye haraka kubwa, asilimia 10. Na kuwa na Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Mtu alimpita mgonjwa akienda kuhubiri kuhusu mtu aliyempita mgonjwa!

Kwenye chuo kingine huo ungekuwa mfano wa kuchekesha tu wa kujibia mtihani. Kwetu darasa lilinyamaza, kwa sababu wale walikuwa ni sisi. Ni kweli, wanafunzi 40 ni wachache, na utafiti ule hausemi imani ni uongo. Unasema kwamba ratiba inaweza kuwa na nguvu kuliko mahubiri. Hapo ndipo mwanafunzi anajifunza kuuliza: mchungaji mwenye ibada nne Jumapili anampata saa ngapi kijana aliyekaa peke yake benchi la nyuma?

Na swali hilo si la darasani, jamani. Hapa kwetu Tanzania kijana mwenye sonona mara nyingi anaanzia kwa mchungaji. Hospitali inakuja baadaye sana, tena kwa aibu, kwa kuwa jina la Mirembe bado watu wanalitumia kama tusi. Hivyo, tupende tusipende, mchungaji ni mshauri wa kwanza wa maelfu ya watu. Akimwambia kijana "huna imani ya kutosha", amemwongezea mzigo. Angejua kumuuliza kama analala, kama anakula, kama anafikiria kujiua, huenda angeokoa maisha. Tafiti zinaonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, ingawa wengi tumelelewa tukiamini kinyume chake.

Wapo wanaopinga kabisa. Jay Adams, mchungaji wa Kimarekani, aliandika mwaka 1970 kwamba mchungaji mwenye Biblia anatosha kushauri watu wake, na ameungwa mkono na wengi mpaka leo. Nakubaliana naye jambo moja: kanisa lisigeuze kila huzuni kuwa kazi ya wataalamu. Kufiwa kunahitaji majirani na chai ya usiku kucha kabla ya kuhitaji daktari. Lakini hakuna mchungaji mwenye busara anayemwambia mgonjwa wa kisukari atupe insulini kwa kuwa ameshaombewa. Kwa nini tunamwambia hivyo mgonjwa wa akili?

Kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja, mfano upo. David Myers, aliyeandika vitabu vya kiada vya saikolojia vinavyotumika katika vyuo vya nchi nyingi, alifundisha miaka mingi Hope College, chuo cha Kikristo huko Michigan. Hakuficha imani yake, na hakuitumia kukwepa takwimu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kusoma saikolojia kwenye chuo cha kanisa, au mzazi unayelipa ada, msiulize tu kama kuna ibada ya asubuhi. Ulizeni kama wanafundisha takwimu na mbinu za utafiti kwa ukamilifu. Ulizeni kama mafunzo kwa vitendo yanafanyika hospitalini, mbele ya wagonjwa wa kweli na chini ya msimamizi aliyesomea kazi hiyo. Halafu ulizeni kama mwanafunzi anaruhusiwa kufanya utafiti kuhusu kanisa lenyewe na kuandika alichokikuta. Wakisita kwenye hilo la mwisho, mimi ningetafuta chuo kingine.