Video Yako Isikae Nyumba ya Kupanga

Leo tuzungumze jambo ambalo huku pwani ya kusini linagusa riziki za watu moja kwa moja: hizi video fupi. Kuanzia Tiwi mpaka Vanga, mwenye mashua, mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya wageni, hata kijana anayewatembeza wageni ufukweni, wote siku hizi wanajitangaza kwa video ya nusu dakika. Ni jambo zuri na ninaliunga mkono.

Lakini kuna mtindo ninaouona kila siku ambao unawapunja watu wetu. Mtu anarekodi video ndani ya TikTok yenyewe. Anaandika bei na namba ya simu juu ya picha, anatia wimbo unaovuma, anapakia. Simu ikijaa, anafuta. Baada ya wiki anataka kuiweka Instagram, basi anaipakua kutoka TikTok ikiwa na nembo inayorukaruka pembeni, anaitupa Instagram, Facebook, YouTube na WhatsApp vile vile ilivyo. Halafu analalamika kwamba video zake hazitembei.

Mimi ni mtengenezaji programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, na msimamo wangu ni huu: video asili ni mali yako, na mitandao hii ni nyumba za kupanga. Rekodi mara moja, weka asili kwako, kisha kila mtandao uushonee nguo yake kutokana na hiyo asili.

Kwa nini naiita nyumba ya kupanga? Tazameni historia. Vine, iliyoanza Januari 2013 na video za sekunde 6, ilikuwa imefungwa kufikia Januari 2017, na waliokuwa wamejenga jina humo ikabidi wahame. India ilipiga marufuku TikTok tarehe 29 Juni 2020, na mamilioni ya watu wakapoteza ukumbi wao kwa amri moja. Marekani, TikTok ilizimwa usiku wa kuamkia tarehe 19 Januari 2025, ikarudi baada ya saa chache. CapCut, ambayo wengi hapa wanaitumia kuhariri, ni ya kampuni hiyo hiyo ya ByteDance, nayo ilizimwa pamoja na nduguye. Majirani zetu Tanzania walifungiwa mtandao wa X Mei 2025. Na sisi Kenya tusijione tuko mbali: Agosti 2023 Bunge lilipelekewa ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku. Haikupigwa, lakini ombi lilifika na likajadiliwa.

Nahodha wa Shimoni ataniuliza, "Mwanangu, ya Marekani na India yananihusu nini?" Yanakuhusu, baba, kwa sababu mgeni wako anatoka huko. Na siku mlango mmoja ukifungwa, swali litakuwa moja tu: unacho kitu cha kupeleka mlango wa pili, au kila kitu kimebaki ndani?

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Nitatumia mfano huo huo wa nahodha anayewapeleka wageni Kisite kuona pomboo, kisha Wasini kula chakula cha mchana. Ana video ya sekunde 40.

Kwanza ni umbo. TikTok, Reels na Shorts zinataka picha iliyosimama, uwiano wa 9:16, yaani pikseli 1080 kwa 1920. Video ya kawaida iliyolala ni 16:9, pikseli 1920 kwa 1080. Watu hudhani kubadilisha moja kuwa nyingine ni kubonyeza kitufe tu. Hebu tupige hesabu. Ukikata picha iliyolala ili isimame, urefu wa 1080 unabaki, lakini upana unakuwa 1080 mara 9 gawa kwa 16, yaani pikseli 607 na nusu kati ya 1920. Zaidi ya theluthi mbili ya picha imekwenda! Mashua ndefu yenye tanga inabaki mlingoti na kipande cha mtu. Ukiiacha programu ikate yenyewe, inakata katikati, na pomboo hana desturi ya kuruka katikati ya fremu.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa baharini kabla ya kurekodi. Kitu kirefu cha kwenda juu, kama mnazi au mtu anayeruka majini, kirekodi kikiwa kimesimama. Kitu kipana, kama lile daraja la mbao la kina mama wa Gazi linalopita kwenye mikoko, kirekodi mara mbili, mara moja kwa kusimamisha simu na mara moja kwa kuilaza. Sekunde kumi za ziada zinakuokoa saa nzima ya kuhangaika baadaye. Msisahau kwamba YouTube, tangu tarehe 15 Oktoba 2024, inaihesabu video iliyosimama ya hadi dakika 3 kuwa Shorts. Kama unataka video ya kawaida ambayo mtu ataikuta akitafuta namna ya kufika Wasini, basi ile iliyolala ndiyo ya kazi hiyo.

Pili ni maandishi. Sisi watengenezaji wa tovuti hufundishwa mapema kutenganisha maudhui na mapambo: HTML inabeba maneno, CSS inabeba rangi na mpangilio. Ukitaka kubadilisha sura ya ukurasa, huandiki habari upya. Video nayo ni hivyo hivyo. Ukishabandika "Piga simu, shilingi kadha" juu ya picha ukafuta asili, umepaka rangi ukutani isiyotoka tena. Ada ya kuingia hifadhini ikipanda, video yako ya zamani itaendelea kuzunguka na bei ya zamani, na mgeni atakuja gatini akiwa na simu mkononi kukuonyesha ulichoahidi. Hapo ugomvi hauna mwamuzi. Ukiwa na asili safi isiyo na herufi, utatoa toleo la Kiswahili kwa familia za Nairobi, la Kijerumani kwa wageni wa Diani, na la bei mpya kila msimu.

Na hayo maandishi yakae wapi? Kila mtandao una vitufe vyake, vingi viko kulia na chini, pamoja na jina la akaunti na maelezo. Namba ya simu ikikaa chini kabisa inafunikwa. Kanuni yangu ni kuacha moja ya tano ya chini, moja ya nane ya juu na ukanda wa kulia bila neno lolote muhimu. Jambo la maana liwe katikati. Instagram nayo ilibadilisha vijisanduku vya ukurasa wa akaunti Januari 2025, kutoka mraba kwenda mstatili uliosimama, kwa hiyo waliokuwa wamepanga picha zao za mbele kwa mraba walikuta vichwa na maneno vimekatwa. Aliyekuwa na asili alitengeneza nyingine.

Tatu ni ile nembo inayorukaruka. Instagram ilitangaza wazi Februari 2021 kwamba Reels zenye nembo za programu nyingine hazitapendekezwa sana kwa watazamaji. Ukiwaza, ni haki yao. Nani atabandika bango la duka la jirani mlangoni kwake? Lakini wanaoumia ni wale wadogo ambao hawajui kwamba tatizo si video yao, ni lile bango.

Nne ni sauti. Wimbo unaouchukua ndani ya programu moja una ruhusa ya kutumika humo humo. Ukihama nao kwenda mtandao mwingine, unaweza kunyamazishwa au video ikazuiwa. Akaunti za biashara zina masharti zaidi hata ndani ya TikTok yenyewe. Mimi nasema tuna sauti zetu: mawimbi ya kusi, injini ya mashua, wapishi wakikaanga samaki, ngoma ya sengenya kwa ruhusa ya wenye ngoma. Rekodi sauti ya mahali ikae kwenye asili, wimbo utautia mwishoni, kwa kila mtandao peke yake.

Tano, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, ni uzito. Wataalamu wa masoko wanaongea Reels na Shorts, lakini kwa ninavyoona huku kwetu, mteja hukubaliana bei WhatsApp. Tuseme simu yako inarekodi megabiti 16 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ni megabaiti 2 kila sekunde, na video ya sekunde 40 ni megabaiti 80. Nani aliye na bando la siku atafungua kitu hicho? WhatsApp itaibana yenyewe, lakini kwa namna inayotaka yenyewe, na ukituma nakala iliyokwisha kubanwa inabanwa tena, mpaka pomboo anafanana na gogo. Bora uibane wewe kutoka kwenye asili. Ikiwa megabiti 1.5 kwa sekunde, zile sekunde 40 zinakuwa megabaiti 7.5 tu. Mwenye kompyuta anaweza kutumia FFmpeg, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000:

ffmpeg -i asili.mp4 -t 30 -vf scale=720:-2 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 96k status.mp4

Maana yake: chukua sekunde 30 za mwanzo, punguza upana uwe pikseli 720, bana picha na sauti, toa faili jipya. Faili la asili haliguswi. Asiye na kompyuta atafanya kazi hiyo kwa programu yoyote ya kuhariri ya simu. Na ukitaka kumtumia mtu asili yenyewe kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama video, ifike bila kubanwa.

Juu ya yote hayo kuna mtazamaji. Anayekuona TikTok hakujui na hajui Shimoni iko wapi. Sekunde 2 za mwanzo zimwonyeshe pomboo, si nembo ya kampuni yako. Aliyekutafuta YouTube anataka kujua njia: mwonyeshe kwamba anaweza kupita Dongo Kundu bila kupanda feri ya Likoni, na gati liko wapi. Aliye WhatsApp tayari ana namba yako. Yeye mpe bei, saa ya kuondoka, na kama mtoto analipiwa. Video ni ile ile ya asubuhi moja, maswali ni matatu. Na tafadhali, wenzangu, tuache kuandika Diani kwenye kila kitu. Wasini ni Wasini, Gazi ni Gazi, Msambweni ni Msambweni. Mgeni akilala Diani akidhani pomboo wako nje ya hoteli, atakasirikia safari ya barabara kabla hajaona bahari.

Najua jibu mtakalonipa: muda hakuna. Nahodha yuko majini tangu alfajiri, anayeshughulika na simu ni mpwa wake ambaye ana shule. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana siwaambii muwe kwenye mitandao saba. Chagueni mitatu. Pia zipo programu za kupakia sehemu zote kwa mkupuo mmoja. Sizikatai, maadamu kinachopakiwa kimetoka kwenye asili safi na kila mtandao una maelezo yake. Ninachokataa ni kumwambia mtu mwenye mashua moja kwamba kasi ni muhimu kuliko kumbukumbu. Kuanzia Aprili masika ikiingia, wageni hupungua na hoteli kadhaa za Diani hufunga kwa muda. Mwenye hazina ya video safi za kaskazi ana miezi miwili ya kazi mezani: kukata, kutafsiri, kubadilisha bei, kujiandaa kwa Julai. Aliyefuta atakaa kusubiri bahari itulie.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Rekodini kwa kamera ya simu yenyewe, si ndani ya programu ya mtandao. Fungueni folda moja iitwe ASILI, na kila faili lipewe tarehe na mahali, mfano 2026-01-14-kisite-pomboo. Folda hiyo iwe na nakala mbili, moja kwenye memori kadi au diski, nyingine nje ya nyumba, kwa sababu simu huanguka majini na chumvi haina huruma. Waliomo kwenye picha waombwe ruhusa kabla, hasa wenye watoto.

Na kama video zako zote ziko TikTok au Instagram peke yake, usingoje. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya kupakua data yako, omba nakala. TikTok inayo, Instagram inayo, na video za YouTube unazipata kupitia Google Takeout. Fanya hivyo usiku mtandao ukiwa mwepesi, na hakikisha nafasi ipo. Wiki ijayo tukijaliwa nitaeleza jinsi ya kuandika manukuu ya Kiswahili kwenye faili la pembeni, ili yasigandishwe kwenye picha. Haya, kazi njema.