TAHARIRI: Tuhesabu Siku Kumi Kwanza



Huku visiwani hatupungukiwi na miaka mipya. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi kati yetu, huanza mwaka wao kwa Mfunguo Nne. Wazee wa pwani wana Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Serikali nayo ina mwaka wake wa fedha, uanzao tarehe 1 Julai, na mtu aliyeahidiwa kulipwa na ofisi "baada ya bajeti" anaujua mwaka huo vizuri kuliko mingine yote. Lakini ni Januari tu itufanyayo tuchukue kalamu na kuandika maazimio.

Maazimio yenyewe twayajua. Mwaka huu nitaacha mirungi. Nitanunua kiwanja Hindi. Nitaitoa makuti nyumba ya mama niezeke mabati. Nitalipa deni la duka na sitakopa tena. Haya ni maneno mema, na hatuyaandiki hapa ili tumcheke mtu. Ila yatupasa kuuliza kwa nini katikati ya Februari karatasi ile haionekani tena, na mwenye karatasi amerudi palepale, barazani palepale, kwa deni lilelile. Wengine husema ni uvivu. Sisi hatukubali. Mtu apakuaye saruji Mokowe tangu alfajiri si mvivu. Tuonavyo sisi, amri nyingi za Januari huandikwa na mtu anayejua vizuri aendako lakini hajatazama alipo.

Mwandishi wa maneno haya ni mtu wa reli mwenye nyumba huku visiwani. Reli ya Lamu bado imo katika ramani tu. Ilitajwa siku mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa, tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021, lakini kusikia treni ikipiga honi bado hatuna budi kuvuka kwenda Mombasa. Basi nisameheni nikitoa mfano wa kazi yangu. Treni haiondoki kwa sababu dereva ana hamu ya kufika. Zamani katika reli nyembamba palikuwa na mtu wa kupita na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mtu yule hakuuliza treni inakwenda wapi. Hata ingekuwa inambeba mkubwa gani, yeye aliuliza gurudumu likoje sasa hivi. Na wale wa gengi hutembea kipande chao cha njia kutazama parafujo zilizolegea, kwa maana ajali nyingi hazianzi kwa jambo kubwa.

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao iliyofanya kazi hiyohiyo. Mwaka wa Nairuzi ni wa siku 365, nao haukuhesabiwa kwa miezi bali kwa makumi. Kila siku kumi ni mwongo mmoja, na mwaka una miongo 36. Siku tano zinazobaki huitwa gatha. (Neno hili mwongo lisichanganywe na mtu asemaye uwongo, ingawa huenda tukawakuta wote wawili tutakapofungua madaftari yetu.) Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza kama Februari yetu, husogea siku moja kila miaka minne, na kwa hiyo hauwi tarehe moja daima. Nahodha aliutumia kujua kaskazi imebakiza siku ngapi na kusi itaanza lini, na mkulima kujua wakati wa kupanda. Hapana nahodha aliyesema "mwaka huu nitafika Hindi" akang'oa nanga bila kujua yuko katika mwongo wa ngapi.

Tena mwaka ule haukufunguliwa juu ya uchafu wa mwaka uliopita. Watu walikwenda kuoga baharini. Katika Amu ya zamani ng'ombe alizungushwa mji ndipo achinjwe. Kule Makunduchi, Unguja, mpaka leo wanaume hupigana kwa magome ya migomba, na desturi yataka ugomvi wa mwaka uishie pale. Kwanza waliyatoa ya zamani yakaonekana mbele ya watu, kisha ndipo wakaanza mapya.

Basi shauri letu ni dogo. Kabla ya kuandika azimio lolote, kila mwanachama achukue daftari la shilingi chache, aandike mwongo mmoja. Siku kumi tu. Na katika siku hizo asibadilishe chochote. Kama anakula mirungi, ale, aandike bei. Kama anakunywa chai na mahamri mara tatu, anywe, aandike. Nauli ya boti kutoka Mokowe, mtu wa punda aliyembebea mzigo, vocha ya simu, mkopo wa simu na ada yake, sukari ya kukopa. Aandike jioni ileile, si siku ya kumi kwa kukumbuka, maana kumbukumbu yetu sote ni wakili anayetutetea.

Kisha apige hesabu. Tuseme jambo moja lachukua shilingi 150 kwa siku. Kwa mwongo mmoja ni shilingi 1,500. Kwa miongo 36 ni shilingi 54,000, na tukiongeza siku za gatha ni shilingi 54,750. Mtu akiisoma namba hiyo hana haja ya mahubiri ya mtu mwingine.

Lakini tahadhari: daftari linaweza kukuonyesha jambo usilolitazamia. Mwenzetu mmoja, mpakuaji, alikubali kulijaribu shauri hili kabla hatujaliandika hapa. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameazimia kuacha mirungi, na mkewe, mama yake na shemeji zake wote walikubaliana kwamba mirungi ndiyo inayomla. Aliandika kuanzia tarehe 28 mpaka tarehe 6. Mirungi ilionekana siku nne, jumla shilingi 600. Si kidogo. Lakini katika siku hizo kumi alikopa kwenye simu mara nne, na dukani mara mbili, ambapo mchele wa mkopo una bei yake na wa fedha taslimu una bei yake. Ada na nyongeza za mikopo hiyo zilifika shilingi 940. Na kwa nini alikopa? Kwa sababu mwajiri wake, ambaye hatutamtaja leo, hulipa mshahara tarehe 7 au 8 ya mwezi wa pili. Yule bwana alikuwa akijilaumu kwa tabia iliyo yake nusu, na nusu nyingine ni tabia ya mwajiri wake.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la Chama wala si la nyumbani peke yake. Wako watakaosema: "Msituambie habari za madaftari, shida yetu ni mshahara." Kweli, mshahara ni mdogo, nasi hatutaandika ukurasa wa kuwafundisha maskini kubana matumizi huku mwenye kazi akipumzika. Lakini utajuaje sehemu ipi ni ya mshahara na ipi ni yako, kama hukuandika? Mkataba wa pamoja kwa kawaida hukaa miaka miwili, ndipo tunarudi mezani. Mwajiri huja na karani wake na makaratasi yaliyopigwa chapa. Sisi huja na kilio. Kilio ni cha haki, lakini hakijibu namba. Tukiwa na madaftari 40 ya miongo 40, bila majina, yanayoonyesha kwamba watu hukopa siku zilezile kwa sababu ileile, hicho si kilio tena. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi wa mwezi alipwe mwisho wa mwezi. Ada zile za mkopo ni gharama ya kuivunja sheria hiyo, na anayeilipa sasa ni mpakuaji.

Na hati ya mshahara isomwe pia katika siku hizo kumi. Wengi hutazama mstari wa chini tu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA hukatwa 2.75 kwa mia, na ada ya nyumba, iliyorudishwa kwa sheria ya Machi 2024, ni 1.5 kwa mia. Katika mshahara wa shilingi 20,000 hizo ni shilingi 850. Atakayeazimia kuweka akiba shilingi 5,000 kila mwezi aanze kuhesabu baada ya makato, si kabla.

Januari si mgeni kwa wafanyakazi wa pwani. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa, wa reli na wa bandari wakiwamo, kwa ajili ya ujira mdogo, maisha ghali na taabu ya nyumba. Mgomo ulikwenda siku 12. Jambo tunalopenda kulikumbuka ni kwamba walikutana siku kwa siku, katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na humo kikatoka chama cha African Workers' Federation. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wake, alikamatwa Agosti mwaka uleule akapelekwa mbali, Kabarnet. Watu wale hawakuwa na simu za kuitana. Walikuwa na mazoea ya kufika.

Sasa tulitazame daftari la Chama chetu, ambalo pia ni tabia zetu. Mkutano ukiwa wa ajali au wa kufukuzwa mtu, watu hujaa mpaka mlangoni, kama mazishini. Mkutano wa kawaida huhudhuriwa na Katibu, Mweka Hazina, wazee watatu na paka. Wako waliokaa kazini miaka na hawajatia sahihi fomu S, ili ada ikatwe kama Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inavyosema, lakini siku barua ya kuachishwa kazi ikija hukimbia ofisini kwetu na viatu mkononi. Sisi viongozi nasi tusijifiche. Tunachelewa kufungua mikutano, halafu twashangaa kwamba watu nao wanachelewa. Hesabu ya fedha za tawi husomwa haraka haraka jua likizama, boti za Manda na Pate zikingojea.

Kwa hiyo tawi nalo litaandika mwongo wake: Katibu ataandika kila jioni nani amekuja ofisini, ametaka nini, amejibiwa nini na kwa siku ngapi. Mweka Hazina ataandika kila shilingi. Madaftari hayo mawili yatasomwa kwanza, mbele ya wote, kabla ya kumwomba mwanachama yeyote afungue la kwake.

Anayetaka kuanza, aanze tarehe 21 Desemba ili amalize tarehe 30; asikwepe siku za sikukuu kwa kusema kwamba si siku za kawaida, kwa maana fedha zake ni zilezile. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie, na kama kuna jambo hataki mtoto alijue, achore alama yake mwenyewe. Walio Faza, Siyu na Kiwayu wampe madaftari nahodha wa boti ya asubuhi, yakiwa yamefungwa kwa uzi, bila jina, yaandikwe tu aina ya kazi na tarehe ya kulipwa mshahara. Tutayapokea ofisini mpaka tarehe 10 Januari, na jumla yake itachapwa katika toleo lijalo.