Shanga za Olbalbal na Neno Tamu

Mto uliochimba Korongo la Oldupai hauendi baharini. Humwaga maji yake katika bonde la Olbalbal, chini ya milima ya Ngorongoro, na hapo huishia. Fedha ina desturi nyingine. Hupita karibu na bonde hilo ndani ya magari ya watalii waendao Serengeti, ikatua kitambo kwenye boma la utamaduni, kisha ikashika njia yake.

Sasa limekuja neno tamu: biashara ya kijamii. Maana yake ni biashara ambayo faida yake hurudi kwa jamii iliyoizalisha. Neno ni jema. Ubaya ni wepesi wa kulivaa. Mtu hununua mkufu wa shanga kwa bei aitakayo, akabandika picha ya mama wa Kimaasai juu ya kifurushi, akauza ng'ambo kwa bei ya mara kadhaa, halafu akatoa madawati machache na kuitwa mfadhili. Hiyo ni biashara kama nyingine zote, ila imejitanda shuka. Iulizwe: nani hupanga bei, na daftari husomwa mbele ya nani?

Watu wa mwambao hawana haja ya kufasiriwa jambo hili. Shanga zilishuka katika bandari zao, zikapanda bara na misafara ya Pangani na Bagamoyo. Leo nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki, na mama wa Olbalbal huzinunua kwa bei aliyopangiwa, akaziuza kwa bei aliyopangiwa. Ndivyo ulivyo mwani pia: tangu ulipoanza kulimwa kwa biashara Unguja mwaka 1989, mwingi umesafirishwa mkavu, bei ikisemwa na mnunuzi. Wanawake waliougeuza mwani wao sabuni ndio waliopata kitu cha kukitajia bei kwa vinywa vyao.

Katika maboma ya utamaduni shida haiko kwenye shanga tu, iko mlangoni. Ni lalamiko la miaka mingi kwamba sehemu ya kiingilio hubaki mkononi mwa dereva, kwa kuwa yeye ndiye achaguaye pa kusimama, na boma lisilokubali hupitwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mmoja huchuma juani na mwingine akala kivulini. Dawa si semina. Maboma yote na yawe chama kimoja, yenye kiingilio kimoja na stakabadhi moja; dereva akipita hili, alikute lile lina bei ileile.

Chombo cha kufanyia hivyo kipo. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 humpa kila mwanachama kura moja, awe na ng'ombe mia au mbuzi wawili. Atakayesema ushirika uliuawa na wezi hakusema uongo, lakini amesahau kuwa mwaka 1976 Serikali yenyewe ilivifuta vyama vikuu, na wakulima hawakuulizwa.

Lakini ushirika huandikishwa kwa anwani. Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Agosti 2024 ilitoka amri ya kuvifuta vijiji na kata za Ngorongoro. Maelfu ya wakazi wakajaa barabarani, na Mahakama Kuu ya Arusha ikaisimamisha amri hiyo mwezi uleule. Wahisani wafundishao akina mama kuweka hesabu na kupamba vifurushi hulikwepa jambo hili, wakisema hiyo ni siasa. Siasa gani, ikiwa karatasi ya kuomba uandikishaji ina nafasi ya jina la kijiji, na muombaji hajui kama mwakani jina hilo litakuwapo?