Mfagio wa Ukwasi: Kubashiri Sawa na Kupoteza



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, vijana wanaonunua na kuuza fedha za kigeni kwenye simu wana kauli moja: “Bei ilikwenda nilikotabiri, ila ilinifagia kwanza.” Wazazi hutuuliza: je, ni udhuru au ni kweli? Twajibu kuwa jambo hili lipo, nalo huitwa kufagia ukwasi. Lakini kulijua si kuokoka nalo, na hapo ndipo akiba ya nyumba inapopotelea.

Ukwasi wa soko ni wepesi wa kupata mnunuzi au muuzaji bila ya bei kuyumba. Mwenye vitumbua ishirini huviuza vyote asubuhi kwa bei ile ile. Mwenye magunia elfu ya mchele hawezi kuyauza kwa saa moja pasi na kushusha bei. Benki kubwa ni kama huyu wa pili. Soko la fedha za kigeni ni pana mno, kwani Benki ya Malipo ya Kimataifa ilihesabu mauzo ya dola trilioni 7.5 kwa siku mwezi wa Aprili 2022. Hata hivyo, katika dakika moja na kwa bei moja, waliopo si wengi. Basi mwenye kutaka kununua kwa wingi huangalia walipokusanyika wauzaji.

Nao hukusanyika wapi? Natupige mfano. Tuseme yuro imeshuka mara tatu hadi dola 1.1000 na kila mara ikapanda. Kijana hununua kwa 1.1020, kisha humwachia dalali agizo la kukata hasara: bei ikigusa 1.0990, auziwe mara moja. Maelfu ya wenziwe wameiona chati ile ile, na maagizo yao yamerundikana pale pale chini ya 1.1000. Mtafiti Carol Osler alionyesha mwaka 2003 kwamba maagizo ya aina hii hurundikana ng'ambo kidogo ya namba za mviringo.

Bei ikishuka chini ya 1.1000, maagizo yote hayo huwa mauzo kwa pamoja. Mnunuzi mkubwa huyapokea, wauzaji huisha, na bei hurudi juu hata ikafika 1.1060. Kijana alibashiri sawa, lakini fedha zake zimekwisha kwenda.

Tuhesabu hasara hiyo. Ikiwa ana shilingi 20,000 na dalali amemwezesha kushika biashara ya mara mia, yaani shilingi 2,000,000, kushuka kutoka 1.1020 hadi 1.0990 kwamgharimu takriban shilingi 5,400. Bei imesogea chini ya thuluthi ya asilimia moja, na zaidi ya robo ya akiba imeondoka.

Je, ni hila? Si kila mara. Mara nyingi ni mwendo wa soko tu, mithili ya juya linalotupwa penye samaki. Lakini hila nayo imethibitika. Novemba 2014, msimamizi wa masoko wa Uingereza alizitoza benki tano kubwa faini ya jumla ya pauni bilioni 1.1, na miongoni mwa makosa aliyoyaeleza ni wafanyabiashara wa benki kujaribu kuyafyatua maagizo ya kukata hasara ya wateja. Wanaojua fiqhi watakumbuka najash, kupandisha bei bila ya nia ya kununua ili mwingine ahadaike. Sura zatofautiana, dhuluma ni moja.

Walimu wa mtandaoni huuza masomo ya kuutambua mfagio huu. Tahadharini. Bei ikivunja kiwango na kurudi, husema ilikuwa mfagio. Ikivunja na kuendelea, husema ilikuwa mwanzo wa safari mpya. Majina yote mawili hutolewa baada ya tukio, na kijana hutakiwa kuamua kabla yake.

Wala agizo la kukata hasara si ngome. Tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro moja. Maagizo yaliyokuwa chini ya bei hiyo hayakupata mnunuzi karibu. Yalitekelezwa mbali mno, na wateja wengine wakaamka wakidaiwa na madalali wao. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya namna hii hupata hasara.

Kwetu sisi Waislamu kuna swali jingine linalotangulia faida. Fedha kwa fedha sharti ikabidhiwe papo hapo. Mkopo wa dalali wenye sharti la kufanya biashara kupitia kwake wamjia na manufaa, na ada ya kulaza biashara hadi kesho yanuka riba. Akaunti inayoitwa ya Kiislamu huenda ikaiondoa ada hiyo, lakini jina halitoshi. Mkataba usomwe na mjuzi.

Basi, mama akiombwa akiba, aulize mambo manne. Dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia biashara hii kwa kanuni za mwaka 2017? Fedha hizi ni za nani? Zikipotea zote leo, ada ya shule na kodi ya nyumba vitasimama? Na anayemfundisha kijana hula kwa biashara yenyewe au kwa karo ya wanafunzi? Fedha ya chama, ya mayatima na ya mahari ni amana. Haitiwi penye juya la watu.

Wala tusiwakaripie vijana wetu kwa kutafuta rizki, kwani ukosefu wa kazi twauona sote. Tuketi nao, tuwatake watuonyeshe hesabu ya miezi sita, faida na hasara pamoja. Karatasi hiyo itasema nasi kwa ukweli zaidi kuliko chati.

Wabillahi tawfiq.