Kufuta Diski Si Ufundi

Wapo mafundi, na idadi yao si haba, wenye dawa moja tu kwa kila ugonjwa wa kompyuta: futa kila kitu, weka upya. Mtu akiwaendea na kueleza kwamba amejiundia kerneli ya Linux, na kwamba alipowasha tena mashine iligoma, hawamwulizi hata kioo kimeandika nini. Nasema huo si ufundi bali ni uvivu.

Ndugu msomaji, kerneli ndiyo kiini cha mfumo; ndiyo inayozungumza na diski, kumbukumbu na kinanda kwa niaba ya programu nyingine zote. Tangu Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alipoitangaza Linux mwaka 1991, kila mtu ameweza kuuchukua msimbo wake, kuubadili na kuukompaili mwenyewe. Leo aliyethubutu kufanya hivyo anaadhibiwa kwa kufutiwa kazi zake!

Hebu tuitazame hiyo hitilafu inayowatisha. Aghalabu mashine husimama ikilalamika kwamba imeshindwa kufungua mfumo mkuu wa faili, kisha hutaja namba mbili ndani ya mabano. Namba hizo ni ushahidi. Zikiwa 0,0, maana yake kerneli haikutambua kifaa chochote cha kufungua. Zikiwa 8,1, diski imeonekana, tena ni sehemu yake ya kwanza, ila mara nyingi kerneli haijui kuusoma mfumo wa faili uliomo, kwa mfano ext4. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na atakayefuta diski hatajua alikuwa na lipi.

Hiyo 0,0 ina kisa cha kuchekesha. Mtu anapochagua mipangilio, huiweka draiva ya diski kama moduli, yaani kipande cha pembeni kinachopakiwa kinapohitajika. Moduli hiyo inakaa wapi? Ndani ya diski ile ile ambayo haifunguki bila yake! Ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya kasha. Tiba ni ama kuijenga draiva ndani ya kerneli yenyewe, ama kuandaa kile kifurushi kidogo cha kuanzia kinachopakiwa kwenye kumbukumbu mapema, chenye moduli hizo. Kifurushi hicho kikikosekana, hata kuitaja diski kwa UUID ya mfumo wake wa faili hakusaidii, kwani kerneli peke yake haiwezi kuutafuta utambulisho huo.

Wataniambia muda ni mali, mteja anangoja. Muda gani? Namfahamu kijana mmoja aliyefutiwa tasnifu aliyoihangaikia miezi minane. Nilimwuliza kama menyu ya kuwashia ilikuwa bado na mstari wa kerneli ya zamani. Akajibu ndiyo, ulikuwapo, hakuna aliyeugusa. Kubonyeza kitufe cha mshale mara moja au mbili kungemrudisha kwenye kazi yake. Badala yake alilipa, tena akashukuru. Na linaloniudhi zaidi ni kwamba baada ya hapo alirudia kuikompaili kerneli kwa mipangilio ile ile, na mashine ikagoma pale pale, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kasoro.

Simaanishi kwamba kufuta hakuna siku yake. Mfumo wa faili ukiharibika kabisa, au mashine ikiingiliwa na wezi, nami nitafuta, baada ya kunakili kilichomo. Lakini kerneli isiyowaka haijadhuru faili hata moja. Barua, picha na hesabu zote zipo salama zikisubiri mtu wa kufungua mlango.

Kwa hiyo fundi na awashe kwa kerneli ya zamani, aliondoe neno quiet kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia ili ujumbe wote uonekane, alinganishe faili la mipangilio mapya na lile la kerneli inayowaka, kisha ahakikishe moduli zimesakinishwa. Nawe mteja, kabla hujatoa fedha yako, mwambie akuandikie kwenye risiti kosa lilikuwa nini.