Msumari wenye kutu hauleti buluu

Mwandishi wa safu ya bustani anatushauri tufukie misumari yenye kutu chini ya haidrenjia ili maua ya pinki yageuke buluu. Kutu ni chuma, bwana. Buluu ya ua hili hutokana na aluminiamu, ambayo kwa kawaida imo udongoni tayari; mizizi huipata pale tu udongo unapokuwa na tindikali, pH ikiwa 5.5 au chini yake. Ikipita 6.5 utaona pinki, hata ukizika duka zima la vifaa vya ujenzi.

Ndiyo maana Limuru, kwenye udongo uleule unaopendwa na michai, haidrenjia huchanua buluu bila mtu kuhangaika. Kichaka changu kilikuwa hivyo, hadi majivu ya jiko la kuni yakawa yanamwagwa upande mmoja wa shina. Upande huo ukatoa pinki, wa pili ukabaki buluu. Msumari haukuhusika.

Na mbolea ya DAP anayoisifu? Fosforasi yake huikamata aluminiamu. Basi anatafuta buluu huku akiifukuza!

Lililoniudhi zaidi ni eti tufyeke kichaka chote hadi magotini kila mwaka. Haidrenjia hizi za kawaida hubeba maua kwenye matawi ya msimu uliopita; ukifyeka, utavuna majani matupu. Ondoa ua lililokauka, kata juu kidogo ya jozi ya kwanza ya vichipukizi vinono, kisha weka mkasi chini.