Kila Vita Vina Mwenyewe

Nimechoka na wanaosema "wote walikosea" kila vita vya Ufini na Urusi vikitajwa. Huo ni uvivu wa kusoma.

Novemba 26, 1939, Moscow ilidai mizinga ya Ufini imeua wanajeshi wake wanne kijijini Mainila. Mizinga yenyewe ilikuwa imesharudishwa nyuma, mbali na mpaka. Siku nne baadaye Stalin akavamia. Nchi ya watu chini ya milioni nne ati ndiyo ilimchokoza? Wacheni mchezo.

Lakini nanyi watetezi wa Ufini, msishangilie bado. 1941 jeshi lake lilipigana bega kwa bega na la Hitler, likavuka mpaka wa zamani, likateka Karelia ya Mashariki na kuwafungia raia wa Kirusi kambini. Zaidi ya 4,000 walifia humo, wengi kwa njaa na magonjwa. Halafu mnaniambia ilikuwa vita yenu kando, Hitler hahusiki? Zii!

Kuonewa 1939 hakukuwapa ruhusa ya kuonea 1941. Mimi nahesabu kila vita kivyake, na kila maiti na aliyeiua.